Kuanza uigizaji Dar es Salaam

Kuanza uigizaji Dar es Salaam kunahusu njia ambazo mtu asiyejulikana hupitia hadi apate nafasi ya kuigiza katika filamu, tamthilia za televisheni, michezo ya redio au jukwaani katika jiji kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Dar es Salaam ilikuwa na wakazi 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Ingawa makao makuu ya serikali yamehamia Dodoma, sehemu kubwa ya vituo vya televisheni, watayarishaji na wasambazaji wa filamu bado ipo katika jiji hilo. Kwa sababu hiyo vijana wengi wa mikoani wanaopenda sanaa huamini kwamba ni lazima wafike huko, wakiwemo wa miji midogo ya mbali kama Rulenge katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera.

Katika nchi nyingi zenye soko kubwa la filamu, mwigizaji hutafutiwa kazi na wakala anayelipwa asilimia ya mapato yake. Nchini Tanzania njia kuu imekuwa kikundi cha sanaa. Kikundi humfundisha anayeanza na kumtambulisha, lakini mara nyingi hakimlipi. Kwa hiyo anayeanza hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: kupata nafasi, kuishi wakati anaisubiri, na kulinda haki yake atakapoipata.

## Historia

### Waigizaji wa mwanzo wa filamu

Miongoni mwa filamu za mwanzo zilizotumia wenyeji wa Tanganyika kama waigizaji ni zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1935 na 1937 huko Vugiri, karibu na Korogwe. Ulikuwa mradi wa Waingereza wa kujaribu kutumia sinema kufundisha kilimo, afya na uwekaji akiba. Waigizaji hawakuwa na mafunzo. Walielezwa la kufanya mbele ya kamera, na sauti iliandaliwa kando kwenye santuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili zenye hadithi kamili. Mwigizaji aliyejulikana zaidi katika filamu hizo ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika eneo la Songea. Aliigiza kama mhusika mkuu katika *Muhogo Mchungu*, na pia katika *Chalo Amerudi*. Wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya maendeleo ya jamii, kwa hiyo hakuutegemea uigizaji kwa chakula. Baadaye aliongoza chama cha wafanyakazi, na mwezi Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

### Vikundi vyenye mshahara

Baada ya uhuru serikali iliunda vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na wasanii wake walikuwa waajiriwa. Vikundi hivyo vilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mashirika ya umma na majeshi nayo yalikuwa na vikundi vyao. DDC Kibisa, kwa mfano, kilikuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, nacho kikundi cha Muungano kilichoanzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980 kilikuwa cha binafsi. Mwaka 1992 kilianzishwa Tanzania One Theatre, maarufu kama TOT, chini ya Chama cha Mapinduzi na kuongozwa na Kapteni John Komba.

Onyesho moja la vikundi hivyo lilichanganya ngoma, vichekesho, igizo, sarakasi na taarabu, na lilifanyika katika kumbi na baa za Dar es Salaam. Msanii alitakiwa kujua zaidi ya fani moja. Aliyeingia kama mchezaji wa ngoma aliweza kuhamia kwenye maigizo baada ya kuonekana kwamba anachekesha au ana sauti inayofika nyuma ya ukumbi.

Redio ilikuwa njia nyingine. Wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliwafahamu Pwagu na Pwaguzi kwa sauti bila kuwahi kuona nyuso zao. Kuanzia mwaka 1993 redio hiyo ilirusha mchezo wa *Twende na Wakati*, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI kupitia wahusika kama Mkwaju, dereva wa lori. Watafiti waliuchunguza mchezo huo kwa kulinganisha maeneo yaliyousikia na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa hadi mwaka 1995. Waliona kwamba wasikilizaji wengi walibadili mwenendo. Mchezo huo ulionyesha kuwa uigizaji ni kazi yenye faida kwa jamii, si burudani pekee.

### Televisheni na Bongo Movie

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1974, lakini Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994, kikiwemo ITV. Vituo vilihitaji michezo ya Kiswahili, na vikundi kama Mambo Hayo na Kaole vikajitokeza. Mara nyingi hapakuwa na mswada ulioandikwa neno kwa neno. Kiongozi alisimulia kisa, akagawa nafasi, na waigizaji wakatunga maneno yao papo hapo wakati wa mazoezi.

Vikundi hivyo ndivyo vilivyozaa waigizaji wa filamu za video zinazoitwa Bongo Movie. Jina Bongo ni la mtaani la Dar es Salaam, na baadaye la Tanzania nzima; linatokana na neno ubongo, kwa maana kwamba anayeishi huko hana budi kutumia akili. Filamu ya *Girlfriend* ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Otieno Tyson na kushirikisha wanamuziki wa kizazi kipya, hutajwa mara kwa mara kuwa mwanzo wa kipindi hicho.

Mwigizaji aliyekuwa mfano kwa wengi ni Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alianza kuigiza akiwa mwanafunzi, akajulikana baada ya kujiunga na Kaole mwaka 2002, na mwaka 2006 akaigiza na Wanigeria katika filamu ya *Dar to Lagos*. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28. Maelfu ya watu walijitokeza kumuaga kabla ya kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni. Kwa vijana wa Kanda ya Ziwa maisha yake yalikuwa ushahidi kwamba mtu wa mkoani anaweza kufika mbali. Hata hivyo kilichokumbukwa zaidi ni umaarufu wake, kuliko miaka ya mazoezi ya kikundi iliyoutangulia.

Kipindi hiki kilikuwa na tofauti moja kubwa na vile vya nyuma. Kawawa alikuwa na mshahara wa serikali, na msanii wa kikundi cha shirika alikuwa na mshahara wa shirika. Mwigizaji wa kikundi cha televisheni au wa filamu ya video hakuwa na mwajiri. Alilipwa kwa kazi moja moja, au hakulipwa kabisa. Hali hiyo imeendelea hadi sasa.

## Njia za kuingia

### Kikundi

Vikundi vya maigizo hukutana kwa mazoezi katika viwanja vya shule, kumbi za mitaa na nyumba za watu, hasa katika maeneo ya Kinondoni na Sinza. Mgeni hujiunga kwa kujitambulisha kwa kiongozi, na baadhi ya vikundi hutoza ada ndogo. Kwa kawaida huanza kwa kazi zisizoonekana: kubeba vifaa, kupika, kushika taa, kujaza watu katika sini za harusi au msiba. Akiaminika hupewa sentensi mbili tatu za kusema, kisha nafasi yenye jina.

Faida ya kikundi ni kwamba mtu hujifunza kwa kuona waliomtangulia, na waongozaji wanaotafuta sura mpya huanzia hapo. Hasara yake ni kwamba muda wa kusubiri hauna mwisho unaojulikana, na kiongozi mmoja ndiye anayeamua nani apande. Kikundi kizuri hutambulika kwa mambo machache: kimesajiliwa, kina ratiba ya mazoezi, kina kazi zilizokwisha kuonekana, na wanachama wake wa zamani wanakisema vizuri hata baada ya kuondoka.

### Masomo

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), hutoa mafunzo ya ngazi ya astashahada na stashahada katika sanaa za maonyesho. Bagamoyo iko kaskazini mwa Dar es Salaam katika pwani hiyohiyo, na tamasha la kila mwaka la taasisi hiyo huwakutanisha wanafunzi na wasanii wa nchi mbalimbali.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Miongoni mwa watu wake ni waandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein na Penina Muhando, na Amandina Lihamba, ambaye ni profesa, mwandishi na mwigizaji. Lihamba aliigiza katika *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985 na katika *Maangamizi*, filamu ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar mwaka 2001. Mfano wake unaonyesha kwamba elimu ya chuo na kamera si vitu vinavyopingana.

Cheti hakimpi mtu nafasi moja kwa moja, kwa kuwa waongozaji wengi huchagua kwa macho. Hata hivyo aliyesoma ana njia za ziada za kujipatia riziki: kufundisha, kuandika, kuongoza, au kufanya maigizo ya elimu kwa jamii.

### Usaili

Usaili wa wazi umeongezeka tangu tamthilia za mfululizo ziliposhika nafasi ya filamu za DVD. Azam TV ilianza mwaka 2013 na chaneli ya Maisha Magic Bongo mwaka 2015. Zote mbili huhitaji tamthilia za Kiswahili kwa wingi. Tamthilia inayoendelea kwa miezi mingi huhitaji wahusika wapya kila mara, na jambo hilo limefungua mlango kwa wasio na kikundi.

Katika usaili mwigizaji huombwa kutaja jina na umri wake, kuonyesha uso wake kutoka pande tofauti, na kuigiza kipande kifupi alichopewa au alichokiandaa. Waandaaji huangalia mambo manne hasa: kama sauti inasikika bila kupiga kelele, kama macho yanaeleza kitu, kama mtu anamsikiliza anayeigiza naye, na kama anaweza kurudia kipande kilekile kwa namna nyingine akiombwa. Hilo la mwisho huwaangusha wengi, kwa sababu wamekariri namna moja tu.

### Simu na intaneti

Vijana wengi sasa hurekodi vichekesho vifupi kwa simu na kuviweka mtandaoni. Njia hii haihitaji nauli wala kibali cha kiongozi wa kikundi, na imewatoa wachekeshaji kadhaa waliokuja kuonekana kwenye televisheni. Udhaifu wake ni kwamba kichekesho cha dakika moja hakimfundishi mtu kubeba mhusika mmoja kwa saa mbili.

## Ujuzi unaohitajika

Waigizaji wa Tanzania wana msemo wa *kuuza sura*, yaani kuonekana kwenye filamu kwa sababu ya uzuri au umaarufu bila kuigiza kitu. Msemo huo hutumika kwa kebehi, na unaonyesha kwamba wenyewe wanajua tofauti.

Jukwaani mwigizaji hukuza sauti na mwendo ili mtazamaji wa mwisho amwone. Mbele ya kamera hupunguza, kwa sababu kamera humsogelea na kope ikicheza inaonekana. Aidha filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Sini zote za nyumba moja hupigwa pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kulia msibani asubuhi na kufunga ndoa na marehemu huyohuyo jioni. Inambidi akumbuke mhusika wake amefika wapi katika hadithi, na alivaa nini. Katika kazi zenye bajeti ndogo waigizaji huja na nguo zao wenyewe, na shati likibadilika katikati ya mazungumzo mtazamaji huona.

Lugha pia ni sehemu ya ujuzi. Wasemaji wengi wa lugha za Kibantu za eneo la Maziwa Makuu hubadilishana sauti *r* na *l* wanapozungumza Kiswahili, hivyo *kula* na *kura* husikika sawa. Lafudhi si aibu, na mhusika wa kutoka Kagera huihitaji. Tatizo hutokea pale mwigizaji anapokuwa na lafudhi moja tu. Anayeweza kusema Kiswahili cha Pwani leo na cha bara kesho ana nafasi mara mbili.

## Kutoka mikoani: mfano wa Rulenge

Rulenge ni mji mdogo wa wilaya ya Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Unajulikana hasa kwa jimbo la Kanisa Katoliki lililoundwa mwaka 1960 kwa jina la Rulenge, ambalo tangu mwaka 2008 linaitwa Rulenge-Ngara. Wenyeji wa wilaya ni Wahangaza na Washubi.

Safari ya basi kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Hupitia Nyakahura na Nyakanazi katika wilaya ya Biharamulo, kisha Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, hadi kituo cha mabasi cha Magufuli huko Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Umbali huo una maana yake katika sanaa. Kijana wa Bagamoyo au Kibaha anaweza kwenda kwenye usaili na kurudi nyumbani kulala. Wa Rulenge hawezi, akienda, amehama.

Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi hufaa ifanyike kabla ya safari, na mazingira ya nyumbani yanairuhusu kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, shule za sekondari husoma tamthilia katika somo la Kiswahili. Vitabu kama *Kilio Chetu*, *Orodha* na *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* vimesomwa na wanafunzi wa vizazi kadhaa. Vingi hubaki vya kujibia mtihani, ilhali viliandikwa viigizwe. Darasa linaloigiza sehemu moja ya kitabu mbele ya shule nzima hupata mafunzo ambayo Dar es Salaam mtu huyasubiri kwa miezi.

Pili, parokia na makanisa huandaa maigizo ya Noeli na Pasaka, ambayo huhitaji mazoezi ya wiki kadhaa na huonyeshwa mbele ya umati. Tatu, ngoma na hadithi za wazee hufundisha pumzi, mwendo na namna ya kushika masikio ya watu.

Nne, kuna redio. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, baada ya mamia ya maelfu ya Wanyarwanda kuingia wilayani humo mwaka 1994. Redio za maeneo hutoa nafasi ya kujizoeza sauti bila kuhama. Aidha Bukoba na Mwanza ziko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Mwanza ni jiji la pili kwa ukubwa nchini na lina kituo cha Star TV, hivyo anayetaka kujipima anaweza kuanzia huko.

Faida nyingine ya kuanzia nyumbani ni kwamba mtu huondoka akiwa na kitu cha kuonyesha, kama vile igizo lililorekodiwa. Pia hujua mapema kama anachokipenda ni kuigiza kwenyewe au ni kujulikana tu. Kawawa alitoka Songea na Kanumba Shinyanga; wote wawili walikuwa na shughuli nyingine, kazi au shule, walipokuwa wakijifunza kuigiza.

## Kipato na maisha

Anayeanza hulipwa kwa siku au kwa kazi nzima. Mara nyingi anachopata mwanzoni ni nauli na chakula cha mchana, na yeye huhesabu kuwa amelipwa kwa kuonekana. Wakati huohuo jiji lina gharama zake. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mazoezi ya jioni humaanisha nauli ya daladala kila siku.

Kwa sababu hiyo waigizaji wengi wana kazi ya pili: biashara ndogo, ususi, ushonaji, kuendesha bodaboda, kushehereshea harusi au kufundisha. Kazi inayofaa ni ile inayomwachia mtu saa za mazoezi. Anayefikia kwa ndugu huokoa kodi, lakini huwa na deni la heshima. Familia iliyompokea hutaka kujua anakwenda wapi kila jioni na atarudi na nini. Mwigizaji anayewaeleza mapema kwamba mwaka wa kwanza unaweza kupita bila kipato huepusha ugomvi mwingi.

Wakati wa DVD hali ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Mtayarishaji aliuza filamu kwa msambazaji wa Kariakoo kwa bei moja, na baada ya hapo hakuwa na mgawo katika mauzo. Mwigizaji aliyekwisha kulipwa na mtayarishaji hakuwa na kitu kabisa. Nakala za wizi ziliuzwa mitaani kwa bei ya chini. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki ili kutofautisha nakala halali, lakini soko la DVD lilizidi kupungua kadiri watu walivyohamia kwenye simu na televisheni za kulipia.

## Mikataba na haki

Suala la mikataba lilijadiliwa na taifa zima mwaka 2018 kutokana na Amri Athumani, maarufu kama King Majuto. Mchekeshaji huyo, mzaliwa wa Tanga mwaka 1948, alianza kuigiza mwaka 1958 akiwa mtoto na alijulikana karibu katika kila nyumba yenye televisheni. Alipougua ilibainika kwamba hakuwa amenufaika inavyostahili na baadhi ya mikataba ya matangazo yaliyotumia sura yake. Waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Miaka sitini ya kazi na umaarufu havikuwa vimemkinga na maneno ya karatasi aliyotia saini.

Kwa sheria za Tanzania makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, lakini kuyathibitisha ni vigumu. Mkataba wa mwigizaji unaoeleweka hueleza mambo yafuatayo:

* majina ya pande zote mbili na nafasi anayoigiza;
* idadi ya siku za kazi, na malipo ya siku zikizidi;
* kiasi cha fedha na tarehe za kulipwa;
* kazi itatumika wapi: sinema, televisheni, intaneti au matangazo;
* itatumika kwa muda gani na katika nchi zipi;
* nani anagharimia nauli, malazi na matibabu mtu akiumia kazini.

Kifungu kinachotoa haki zote, kwa matumizi yote na kwa muda usio na mwisho, ndicho huwagharimu wengi, hasa katika matangazo ya biashara. Mwigizaji ana haki ya kuomba muda wa kusoma na kupewa nakala yake. Aliye chini ya umri wa miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba peke yake, hivyo mzazi au mlezi huhusika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatambua haki za mtendaji wa sanaa, si za mwandishi au mtayarishaji pekee. Sheria hiyo husimamiwa na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

## Mamlaka na vyama

Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na kazi zake ni pamoja na kusajili wasanii na vikundi. Bodi ya Filamu Tanzania hufanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Bodi hiyo hutoa vibali vya kutengeneza filamu, na hukagua filamu na kuzipanga katika madaraja kabla hazijaonyeshwa. Kwa anayeanza, kuuliza kama mtayarishaji ana kibali cha Bodi ni njia rahisi ya kujua kama kazi ni ya kweli.

Waigizaji wana chama chao, ambacho ni sehemu ya Shirikisho la Filamu Tanzania. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wasanii. Kwa upande wa maonyesho, Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1997, ni mahali ambapo filamu za Kiswahili hukutana na waongozaji wa nje.

## Udanganyifu na rushwa ya ngono

Wageni wa jiji hulengwa na matapeli wanaotangaza usaili usiokuwepo, wakidai ada ya fomu, ya picha au ya kuhifadhiwa nafasi. Katika kazi halali fedha hutoka kwa mtayarishaji kwenda kwa mwigizaji. Usaili wa kweli hufanyika mchana, mahali panapojulikana na mbele ya watu zaidi ya mmoja, na mtu haombwi kuja peke yake usiku.

Kuomba ngono ili kutoa nafasi ya kuigiza kumelalamikiwa kwa muda mrefu katika sanaa, Tanzania na kwingineko duniani. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinakitaja kitendo hicho kuwa kosa la jinai kwa mwenye mamlaka anayekitenda. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU katika ofisi zake za mikoa na wilaya na kwa namba ya bure 113. Wanaoathirika zaidi ni wasichana waliotoka mbali, wasio na ndugu jijini wa kuwaeleza. Ndiyo maana vikundi makini huwa na mlezi wa kike, na huwataka wazazi wa chipukizi wafike kuona mazoezi.

## Tazama pia

* Bongo Movie
* Steven Kanumba
* King Majuto
* Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo
* Baraza la Sanaa la Taifa
* Rulenge